Kuni Mbele ya Mlango wa Paskazia

Paskazia aliyaona magogo kabla hajawaona watu. Alikuwa akipanda mlima na beseni la mapanki kichwani, shingo imekaza, macho yakichagua pa kukanyaga katikati ya mawe. Alipoinua uso aliona wanaume wawili wakishusha magogo ya mkaratusi kutoka mabegani na kuyatupa mbele ya mlango wake. Kando ya magogo ilikuwa imetandikwa mikeka, na juu ya mikeka majirani walikuwa wameanza kukaa.

Asubuhi alikuwa amemwacha mumewe, Shimba, akihangaika na kifua. Sasa kuni zinashushwa mlangoni, mikeka inatandikwa, na wanaume wazima wamekaa chini huku jua likiwa bado juu. Katika nchi ile yote, kutoka Kigongo mpaka Musoma, hakuna anayehitaji kuelezwa maana ya mambo hayo. Watu hukusanyika kulala nje penye msiba.

Alilitua beseni juu ya jiwe. Alikuwa amekwisha kuifungua kanga yake ili aifunge upya kiunoni kama wafiwa wanavyofunga, na alikuwa akifungua kinywa alie, wifi yake Kija alipotoka ndani na kumshika mkono. Kija ni dada mkubwa wa Shimba, mwanamke mkavu asiyesema neno mara mbili.

"Usilie, wifi. Yu hai," alimwambia kwa sauti ya chini. "Yu hai, lakini hawa wameshakuja kumlalia."

Ulikuwa mwaka 1998, baada ya zile mvua za El Nino zilizoteremsha nusu ya mlima hadi barabarani. Shimba alikuwa fundi wa mashine kiwandani mpaka kiwanda kilipopunguza wafanyakazi, na kazi ilipoondoka nyumba ya kiwanda ikaifuata. Wakapanda mlimani, upande wa Ilemela, wakajenga nyumba ya udongo kati ya mawe mawili makubwa kama walivyofanya wengi miaka ile, kwa sababu kiwanja cha kupimwa kilikuwa kimegeuka kuwa kitu cha watu wenye fedha. Mvua ikaibomoa. Kilichobaki kilikuwa ukuta mmoja, jiwe lenyewe kwa nyuma, na turubai juu.

Paskazia hakukaa chini kuililia nyumba. Alikwenda alfajiri kwenye viwanda vya samaki, akanunua mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kukatwa na kupelekwa Ulaya, akayakaanga na kuyauza. Pale mlimani walimjua kwa mambo mawili: hakopeshi, na haombi. Waliompenda walisema ana heshima, na wasiompenda walisema ana kiburi. Yeye aliwaacha wagombane.

Ni ugonjwa wa Shimba uliompunguzia Paskazia maneno. Alilowa usiku ule wa mafuriko akiokoa vitu vya majirani, kifua kikamkamata. Hospitalini, mgonjwa wa kitanda cha kulia kwake akafariki, kisha wa kushoto, na Shimba akaanza kuamini kwamba zamu inapita kitanda kwa kitanda na imemfikia. Daktari alipomruhusu kurudi nyumbani na dawa, alimwita Paskazia pembeni akamwambia dawa zitafanya kazi yake, mradi mgonjwa ale na asikate tamaa. Tangu siku hiyo Paskazia aliona kwamba kazi yake ya kwanza si mapanki tena. Kazi yake ni kuulinda moyo wa mumewe. Habari za kifo hazikuvuka mlango ule. Kilio kikisikika bondeni, alimwambia Shimba ni kwaya inajifunza nyimbo. Na katika siku za karibuni alikuwa ameanza kuona matunda: Shimba alimaliza bakuli la uji, akaomba jingine.

Na sasa haya.

Alimtafuta Oyoo kwa macho. Oyoo alikuwa mvuvi kutoka Rorya, mtu mrefu wa maneno mengi, ndiye majirani waliyemfanya msemaji wao. Paskazia alimvuta kando ya jiwe akamwuliza ni nini kinachofanyika. Oyoo akaeleza upesi upesi, huku akitabasamu kama mtu aliyeleta zawadi.

Mgeni wao ni Revocatus Ndalahwa mwenyewe, Revo, mwanamuziki ambaye kanda zake zilikuwa zikipigwa katika kila kibanda cha kuuzia kanda Mwanza nzima. Alizaliwa Ilemela hii hii, akaenda Dar es Salaam, akatajirika. Sasa ana nyumba ya ghorofa na mabasi ya kwenda mikoani. Ameanzisha kampeni ya kuwasemea watu wasio na makazi. Leo atalala nje pamoja nao mpaka asubuhi, wapiga picha watapiga picha, magazeti yataandika, na wakubwa watasoma. Jumamosi kuna tamasha uwanjani, na mfanyabiashara anayeligharimia ameahidi mabati kwa kila familia ya mlima ule.

"Na hapa mlangoni kwangu ni kwa nini?"

"Shemeji, wewe unaujua mlima huu. Mahali palipo tambarare ni hapa tu. Halafu dada wa shirika la kampeni amelipenda hilo jiwe, anasema kwenye picha litatoka vizuri."

Walikubaliana juzi kikaoni, wakati yeye yuko hospitali kufuata dawa. Hakuna aliyemwambia, maana kila mmoja alidhani mwenzake amemwambia.

"Oyoo," Paskazia alisema polepole, "kwenu Rorya, moto wa magogo ukiwashwa nje ya boma, watu wakaukalia mpaka asubuhi, mwenye boma anakuwa wapi?"

Tabasamu la Oyoo lilikatika. Alitazama magogo, akatazama turubai, akapitisha kiganja usoni. Lakini hakuwa mtu wa kuachia jambo kirahisi. Akamkumbusha ilani. Ofisi ya viwanja ilikuwa imebandika tangazo kwenye mawe kwamba watu wote waondoke mlimani kabla mwezi haujaisha, na haikusema waende wapi. Mwezi ulikuwa ukingoni. Bila kelele za mtu mkubwa, alisema, mgambo watakuja na nyundo, na Shimba atalala juani na huo ugonjwa wake.

"Nyamaza leo tu, shemeji. Kesho yote yatakuwa yamekwisha."

Paskazia aliingia ndani.

Shimba alikuwa ameketi kitandani, jambo ambalo siku nyingine lingemfurahisha mkewe. Lakini uso ulikuwa umebadilika. Kati yake na wale waliokaa nje kulikuwa na turubai tu, na masikio yake yalikuwa mazima.

"Mama Rebeka, nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Ni wageni wa kampeni."

"Nimesikia magogo yakishushwa. Nimesikia mikeka. Wanaume wanazungumza kwa sauti ya chini." Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. "Kama hakuna aliyefariki, basi wanamngoja mtu. Usinifiche. Daktari alikwambia nini ulipofuata dawa?"

Alimwapia kwamba daktari amesema anapona. Lakini tangu lini mke wa mgonjwa akaaminiwa kwa jambo hilo? Shimba alimsikiliza kwa upole wa kutisha, kama anavyosikilizwa mtoto. Kisha akaanza kupanga. Koti lake la kanisani apewe mdogo wake. Baiskeli isiuzwe. Rebeka, binti yao aliyekuwa kwa bibi yake Magu, aletwe kesho asubuhi, asije akafika wakati watu wamekwisha kutawanyika. Paskazia alimnyoshea dawa za jioni na kikombe cha maji. Shimba alivitazama, akageukia ukutani.

"Hizo waachie walio na safari ya kurudi," alisema.

Alimbembeleza, akamfokea, akambembeleza tena. Kija alisimama mlangoni akitazama, mkono mdomoni. Mgongo wa Shimba haukugeuka.

Paskazia alitoka nje na kikombe mkononi bila kujua amekishika.

Nje, Suzana, binti wa shirika lililoandaa kampeni, alikuwa akimhimiza kila mtu. Alitaka moto uwashwe kabla jua halijaingia ziwani ili picha zipate mwanga. Mpiga picha alikuwa amepiga goti. Na katikati ya mikeka alisimama Revo Ndalahwa, mtu mnene kiasi, sauti yake nzito kama ilivyo kwenye redio, amevaa koti kuukuu lililonunuliwa kwenye mitumba kwa ajili ya siku hiyo. Lilikuwa koti zuri kuliko lolote pale mlimani. Mwanamke mmoja alikuwa amemtania kwamba akichoka nalo asilitupe mbali, na Revo alikuwa amecheka pamoja na wote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiwaeleza jinsi mama yake alivyokuwa akifukuzwa kwenye vyumba vya kupanga, yeye akibeba godoro kichwani, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli.

"Kiberiti," Suzana alisema.

Paskazia alipita katikati ya watu, akakiweka kikombe chini, akainama akashika gogo moja. Lilikuwa zito. Alilivuta mpaka pembeni, akaliachia likateremka kati ya mawe. Akarudi akashika la pili. Mpiga picha alinyanyua kamera, na Oyoo akaifunika kwa kiganja.

"Shemeji," Oyoo alisema, "tulizungumza."

"Ulizungumza wewe."

Revo alimsogelea. "Dada yangu, nimekukosea nini?"

"Nani alikwambia hapa kuna msiba?"

"Msiba?"

"Ndani ya hilo turubai yumo mume wangu. Anaumwa. Amesikia kuni zako, amesikia mikeka yako, amegeukia ukutani anagawa nguo zake. Dawa amekataa. Sasa wewe washa huo moto, keti hapa mpaka asubuhi, na kesho usiende mbali. Tutakuhitaji uzike."

Baadaye wengi walisema walimwona Revo akizeeka pale pale. Alikuwa Msukuma wa Ilemela, amelala nje kwenye misiba ya baba zake na wajomba zake. Jambo hilo alilijua tangu utotoni, na bado halikumjia akilini, kwa sababu alipokuwa akilipanga Dar es Salaam alikuwa akiwafikiria watakaoiona picha. Yule atakayekuwa nyuma ya picha hakumfikiria.

Aliomba aingie kumwamkia mgonjwa. Paskazia alisita, kisha akainua turubai.

Shimba aligeuka aliposikia hatua ngeni. Aliutambua uso ule, nani asiyeutambua? Akamtazama toka koti mpaka viatu.

"Ngosha," alisema, kama wanaume wa Kisukuma wanavyoitana, "mpaka wewe umetoka Dar kuja kunizika? Basi mimi ni mkubwa kuliko nilivyojua."

Revo alimshika Shimba mkono kwa mikono yake miwili, akakaa hivyo kidogo, akatoka. Jua lilikuwa limeshaanza kugusa maji.

Suzana alishauri wahamie kwa jirani wa chini, wabanane kidogo. Lakini jambo lilikuwa limekwisha kutajwa kwa jina lake. Jirani wa chini alisema ana mke mjamzito. Mwingine ana mtoto mwenye homa. Walipomgeukia Oyoo, aliyatazama maji ya ziwa akasema mama yake mzazi amekuja kumtembelea, na ni mtu mzima sana. Hakuna mlango hata mmoja mlima ule uliotaka moto wa Revo Ndalahwa. Na papo hapo watu wakaanza kumwangalia Paskazia kwa jicho jingine. Mama mmoja alisema, si kwa sauti kubwa lakini kwa kutosha, kwamba kiburi cha mtu mmoja kinawanyima mabati watu wote. Mwingine akaongeza kwamba mgonjwa ni mmoja na wasio na paa ni wengi.

Paskazia aliyasikia. Yalimwuma kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Watoto wa yule mama walilala wakiwa wamelowa kama Rebeka alivyolala kabla hajapelekwa Magu. Alitazama kuni, akatazama ilani iliyobandikwa kwenye jiwe, pembe zake zikipeperuka.

"Kaka Revo," alisema, "kama unataka kulala nje kwa ajili yetu, kalale panapotoka hii karatasi. Mbele ya geti la ofisi ya viwanja. Wao ndio wanaotuzika. Peleka kuni huko, peleka mikeka, na asubuhi watakapokuja kazini wakukute."

Suzana alisema haraka kwamba hilo haliwezekani. Halikuwa kwenye mpango, lingehitaji kibali. Mchana Revo alikuwa amekula na mkubwa wa ofisi ile, meza moja na yule mfanyabiashara wa tamasha, na hao wawili ni marafiki wa chanda na pete. Hakulificha. Aliwaambia wote waliokuwa pale.

"Nikilala hapa, kila mtu atanisifu," alisema. "Nikilala pale..." Akaishia hapo.

"Basi hapa ulikuwa unalala kwa ajili ya nani?"

Paskazia hakulisema hilo kwa ukali. Labda ndiyo sababu lilimwingia. Revo akalivua lile koti, akalikunja, akalishika kwapani kama mtu asiyejua la kulifanyia, akawaambia wale waliopandisha magogo wayateremshe garini. Mpiga picha aliuliza waende wapi. Revo akamjibu kwamba yeye anaweza kurudi hotelini.

Pajero ya Revo ilipoondoka, mlima ulibaki na uchungu wake. Hakuna aliyemsaidia Paskazia kuokota mapanki ambayo mbwa walikuwa wameyatawanya. Hata Oyoo alipita bila kumsalimu. Kila mtu aliamini kwamba tajiri amekwenda kulala kwenye shuka safi na mabati yamekwenda naye. Paskazia mwenyewe aliamini hivyo. Na ndani, Shimba hakula.

Asubuhi alishuka viwandani kwa sababu hakujua la kufanya zaidi ya kwenda kazini. Huko, kwenye foleni ya mapanki, wanawake walikuwa wakizungumza wote kwa pamoja. Revo Ndalahwa amekaa mbele ya geti la ofisi ya viwanja na moto wa magogo. Wachuuzi wa alfajiri waliopita wakielekea sokoni waliona moto, wakaona mtu mzima amekaa mkekani kichwa kimeinama, wakatua mizigo yao wakakaa naye. Bibi mmoja alilia kwanza akauliza baadaye. Mwingine alileta uji. Walipofika wenye ofisi na mikoba yao, geti limezibwa, watu wanawapa mkono mmoja mmoja: poleni, poleni sana, Mungu awape nguvu. Karani mmoja aliangua kilio akidhani aliyefariki ni bosi. Na bosi mwenyewe aliposhuka garini akapewa pole na mama asiyemjua, alirudi ndani ya gari akapandisha kioo.

Foleni nzima ilikuwa ikicheka. Paskazia hakucheka. Aliuliza kimesemwa nini.

Kilichosemwa kilijulikana mchana. Revo alikuwa ameulizwa anamlilia nani, akajibu kwamba anawalilia watu wa mlimani, na kwamba ataondoka atakapoambiwa watapelekwa wapi. Alipoambiwa aandike barua, alisema msiba hauandikiwi barua. Mpaka saa sita watu walikuwa wamejaa barabarani, na ofisi ikatangaza kwamba ilani imesimamishwa, na kwamba familia za mlimani zitafikiriwa katika viwanja vitakavyopimwa Kiseke. Tamasha la Jumamosi halikufanyika. Mfanyabiashara aliondoa fedha zake, na mabati yake akaondoka nayo.

Mjini walibishana kwa muda mrefu. Mwalimu mmoja alisema ni unafiki kwa mtu mwenye ghorofa kuwasemea walalao chini ya turubai, kwamba anajitafutia soko la kanda. Wengine wakamjibu: basi aliyeshiba asimtetee mwenye njaa? Mwandishi wa gazeti alipanda mlimani kumwuliza Paskazia. Alimwambia kwamba watu wenye sauti waseme, si kosa, kwa kuwa sauti ya maskini haifiki mbali. Lakini waanze kwa kubisha hodi, na wanapochagua mahali pa kusimama wachague pale ambapo na wao wanaweza kupoteza kitu. Mwandishi akaandika kwamba mama huyo alishukuru.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile ile alipanda mlima akitweta, akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda na kumsimulia Shimba yote, toka moto mpaka kioo cha gari. Shimba alisikiliza akiwa amegeukia ukutani. Kija aliacha kuchambua maharage.

"Kiseke," Shimba alisema hatimaye.

"Ndivyo wanavyosema."

"Kiseke ipi? Ya bondeni au ya juu?"

"Sijui. Hawajapima."

Aligeuka kwa shida, akajiinua kwa kiwiko. Uso ulikuwa umekasirika.

"Kama ni ya juu, maji mtayafuata wapi? Mnakubali viwanja hamjauliza maji? Oyoo ndiye aliyekubali? Mtu aliyezoea ziwa mlangoni kwake atajua nini habari ya maji! Mwiteni. Mwiteni hapa."

Paskazia alisimama akaenda kumwita, na njiani kote kati ya mawe alisikia sauti ya mumewe nyuma ya turubai ikiendelea kulalamika juu ya kisima.